Sentimita Tano za Chini

Watu wengi wanaoishi na dizeli hawajawahi kuiona sakafu ya tanki lao. Wanaiona dizeli ikitoka kwenye pampu, wanaijua kwa harufu na kwa bei, wanaisikia injini ikiila. Lakini kule chini kabisa, katika sentimita tano za mwisho ambako kutu, vumbi na maji hukutana, jicho halifiki. Huko ndiko mtunza tanki anakofanyia kazi. Ngokolo, kata ya Manispaa ya Shinyanga ambayo wengi wanaifahamu kwa Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma, ina watu wa namna hiyo kwenye yadi za malori, kwenye mashine za kusaga na nyuma ya majengo yenye jenereta. Nimewatazama kwa muda, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hawa ni mafundi kamili, ingawa wengi wao wanalipwa kama vibarua na hesabu ya yadi inawaweka fungu moja na mlinzi wa geti.

Ili uione thamani ya kazi yao, ifuate dizeli tangu inakotoka. Inashushwa bandarini Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, inapimwa, inawekwa vinasaba vya kuitambulisha, kisha inapanda lori. Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000 kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega. Pale Tinde barabara inagawanyika: mkono mmoja unakuja Shinyanga na kuendelea Mwanza, mwingine unakwenda Kahama na nchi ya dhahabu. Huko kuna migodi mikubwa kama Bulyanhulu, na Geita ambako kwa miaka mingi umeme wa mgodi ulitoka kwenye jenereta za dizeli za mgodi wenyewe. Kuna pia wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, Nyarugusu na Rwamgasa, ambao makarasha yao ya kusaga mawe, kompresa zao na pampu zao za kukausha maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, hunywa dizeli inayofika kwa mapipa na madumu. Kila inapohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, dizeli hiyo hukutana na hewa, na hewa ya Shinyanga haiji mikono mitupu.

Kuhusu uchakachuaji nitasema kidogo tu, kwa kuwa umeshasemwa sana. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, wapo walioyachanganya na dizeli wakapata faida ya haraka. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianzisha vinasaba ili mafuta yaliyochanganywa yatambulike, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kishawishi kiishe. Madhara ya mchanganyiko huo kwa injini yalikuwa makubwa, maana pampu ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha. Huo ulikuwa uharibifu wa makusudi, na dawa yake ni sheria. Mimi hapa nazungumzia uharibifu ambao hauna mwizi: dizeli iliyotoka bandarini ikiwa safi, ikapita mikononi mwa watu waadilifu, na bado ikafika kwenye injini ikiwa imebeba maji na mchanga.

Maji huingiaje? Mengine huingia wazi kabisa, mfuniko ukiachwa wazi mvua ikinyesha. Mengine huja ndani ya dizeli yenyewe, yakiwa yameyeyuka humo yasionekane. Kiwango cha dizeli cha Ulaya huruhusu miligramu 200 za maji katika kila kilo. Kilo ni nyingi katika tanki: lita 10,000 za dizeli zina uzito wa kilo 8,400 hivi, kwa hiyo dizeli inayokidhi kiwango kabisa inaweza kuwa imebeba zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Ikiwa ya moto huyashika. Usiku ikipoa haiwezi tena kuyashika yote, yanajitenga, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, yanashuka sakafuni. Mzigo ukija mara nyingi kwa mwaka, sakafu inajaza kidogo kidogo bila mtu yeyote kufanya kosa.

Halafu tanki hupumua. Jua la mchana likilipiga, dizeli na hewa iliyo juu yake hutanuka na hewa hutoka kupitia bomba la pumzi. Usiku vinasinyaa na hewa ya nje huingia. Masika tanki huvuta unyevu, kiangazi huvuta vumbi. Anayejua Shinyanga ya Agosti, pamba ikiwa imeshavunwa na mashamba yako wazi, hahitaji kuelezwa vumbi lile. Ndiyo maana mtunza tanki mzuri utamkuta anahangaika na kitu ambacho mwenye mali hajawahi kukitazama: mdomo wa lile bomba la pumzi. Anaugeuza uangalie chini, anauwekea chujio, na chujio lenyewe analibadilisha kabla halijaziba. Tanki lililo juu ya ardhi analipaka rangi nyeupe, na akiweza anaomba lijengewe paa la bati. Kivuli hupunguza joto, na joto likipungua tanki hupumua kwa kiasi.

Maji yakikaa sakafuni, wapangaji huhamia. Kuna ukungu uitwao Hormoconis resinae unaoishi pale hasa maji yanapokutana na dizeli: unakunywa chini na kula juu. Bakteria nao hujiunga. Kwa pamoja hutengeneza utando mweusi wenye kunata, na asidi inayotoboa chuma kwa vishimo vidogovidogo, hivyo tanki linaloonekana zima kwa nje linaliwa kutoka ndani. Fundi akifungua chujio na kukuta ute mweusi wenye harufu ya yai viza, injini haina kosa. Zipo dawa za kuua wadudu hawa, na wauzaji wanazisifia sana, lakini mimi nakubaliana na mafundi wa zamani: dawa bila kutoa maji ni kupoteza fedha. Bila maji ukungu huo hauna maisha.

Sasa njoo tumtazame mtu mwenyewe akiwa kazini. Mzee mmoja wa yadi pale Ngokolo hupima tanki alfajiri, kabla jua halijashika bati na kabla gari lolote halijawekewa mafuta. Ana fimbo ndefu ya kupimia yenye alama za sentimita, ambayo haitumii kwa kazi nyingine yoyote na haiegemezi ukutani ncha ikiwa chini kwenye vumbi. Anaifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ncha yake anaipaka dawa laini ya kupimia maji, ambayo ikigusa dizeli haibadiliki, ikigusa maji hugeuka rangi. Anaishusha polepole, akiisikiliza iguse sakafu, wala haitupi, maana fimbo inayodondoshwa kila siku mahali pamoja hukwangua chuma na kualika kutu. Anaiacha itulie kidogo. Akiitoa, anasoma mambo mawili: mstari wa dizeli juu, na mpaka wa rangi chini. Huo wa chini ndio anaoujali. Anaandika vyote kwenye daftari, na tarehe.

Kwa nini alfajiri? Kwanza kwa sababu usiku kucha tanki limetulia na kilichokuwa cha kushuka kimeshashuka. Pili kwa sababu ya hesabu. Dizeli hutanuka: lita 10,000 huongezeka takriban lita 8 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tanki la juu ya ardhi likipata joto la nyuzi 5 kutoka asubuhi hadi alasiri, kipimo cha saa tisa kitasoma lita 40 zaidi ya cha alfajiri, na kesho yake lita hizo zitakuwa zimetoweka. Nimesikia watu wakishukiwa wizi kwa lita ambazo hakuna aliyezichukua. Mtunza tanki anayepima saa ileile kila siku anayalinda mafuta na pia analinda jina lake.

Baada ya kupima, anafungua koki ya chini. Tanki lililofungwa kwa akili halikai sawa. Limeinamishwa kidogo, upande wa koki ukiwa chini na bomba la kunyonyea likiwa upande wa juu, sentimita kadhaa kutoka sakafuni, ili pampu isiguse uchafu. Anakinga kwa chupa ya kioo, si ndoo, kwa kuwa ndoo huficha. Kwanza hutoka maji, pengine ya rangi ya kutu. Halafu hutoka kitu chenye ukungu, maji na dizeli vikiwa havijaachana. Mwisho hutoka dizeli angavu. Anaiinua chupa mbele ya mwanga, anaizungusha kidogo ili kitakachojikusanya katikati ya kitako kionekane. Ikiwa angavu hata mwandiko unasomeka kupitia kwake, anafunga koki. Ikiwa na utusitusi anaendelea. Hana haraka hata kidogo, na hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Haraka huja na lori. Lori la mafuta likifika na kumwaga mzigo, kila kilichokuwa kimelala sakafuni huamka. Nje madereva wamepanga foleni, mwenye mashine ya kukoboa mpunga amemtuma kijana na madumu, simu zinaita.

"Shikamoo mzee. Tuwekee basi, tumechelewa."

"Marahaba mwanangu. Subirini yatulie."

Kusubiri huko wengi hukuona ukaidi wa uzee, lakini kuna hesabu ndani yake. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes, mwanahisabati aliyefundisha Cambridge, alieleza jinsi punje ndogo inavyozama ndani ya kimiminika: kasi yake hufuata mraba wa upana wake. Punje iliyo nyembamba mara 10 huzama polepole mara 100. Ukikokotoa kwa dizeli, punje ya mchanga yenye mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huvuka kina cha mita moja na nusu kwa karibu nusu saa. Punje ya mikroni 5 huhitaji siku mbili. Tone la maji la mikroni 10, kwa sababu uzito wake haujapishana sana na wa dizeli, linaweza kuhitaji karibu wiki nzima. Basi mzee akisema subirini, ule mchanga mkubwa anauachia muda, na mdogo anaukabidhi kwa machujio. Mwenye matanki mawili ana neema: moja linatumika, lingine linatulia. Kama ningekuwa na yadi, fedha ya kwanza ingekwenda kwenye tanki la pili kabla ya gari la pili.

Mikroni hizo zina maana kubwa leo kuliko zamani. Injini za kale za mashine za kusaga, Lister na ndugu zake, na zile za Kichina za silinda moja zilizojaa kwenye mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, husamehe mengi. Injini za sasa hazisamehi. Katika mfumo mpya wa sindano, dizeli husukumwa kwa shinikizo linalofikia baa 2,000 na zaidi, kupitia nafasi za mikroni 2 hadi 4 kati ya chuma na chuma. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Punje ambayo macho hayawezi kuiona ni jabali humo ndani: hukwaruza, huvujisha, na mwisho wake nozeli nne hubadilishwa kwa fedha ambayo ingemlipa mtunza tanki kwa miezi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, hatua njema kwa mapafu yetu na kwa injini zenyewe. Lakini usafi huo ni wa kiwandani. Vumbi la njiani halijui mkataba wowote.

Ufundi mwingine uko kwenye mambo ambayo mgeni huyaona kuwa ya ovyo. Chukua pipa la lita 200. Asiyejua hulisimamisha wima nje, akiamini kifuniko kimekaza. Mvua hutuama juu ya pipa kwa sababu ya ile kingo yake. Usiku dizeli hupoa na kusinyaa, pipa huvuta pumzi, na linachokivuta kupitia nyuzi za kifuniko ni yale maji yaliyotuama. Asubuhi juu pamekauka na mtu anaapa kwamba hakuna kilichoingia. Anayejua hulilaza pipa ubavu juu ya magogo, vifuniko viwili vikiwa mkabala, kushoto na kulia, ili vyote vifunikwe na dizeli kwa ndani na hewa isipate njia. Kwenye mialo ya Geita, ambako mafuta hufika kwa bodaboda na pikapu, jambo hili dogo lingeokoa injini nyingi.

Au chukua bomba. Fundi bomba wa mjini ana mabomba ya maji yaliyopakwa zinki tayari dukani, na huyafunga kwenye tanki la dizeli kwa nia njema. Dizeli huila zinki taratibu na kutengeneza sabuni za metali ambazo huziba machujio. Shaba nayo huharakisha kuchakaa kwa dizeli. Mtunza tanki aliyefunzwa vema hutaka chuma cheusi cha kawaida, na hulazimika kubishana na fundi, hata na bosi pia, kwa sababu bomba lenye zinki linang'aa na lile jeusi linaonekana la bei rahisi.

Kazi ya kuogofya ni kuosha tanki kwa ndani. Hata tanki linalotunzwa hufika siku ambayo koki haitoshi: tope limegandamana pembeni, kutu imeota. Hapo tanki hutolewa mafuta yote, hufunguliwa, hupulizwa hewa kwa feni kwa saa nyingi. Wachimbaji wa Nyarugusu na Mwakitolyo wanaielewa hewa mbaya ya duara, ile inayomlaza mtu bila onyo na kumlaza pia ndugu aliyeshuka kumwokoa. Hewa ya ndani ya tanki ni ndugu ya hiyo. Oksijeni inaweza kuwa imeliwa na kutu na bakteria, na gesi ya yai viza huua pua kwanza, kisha mtu. Mafundi wanaostahili kuitwa hivyo hawaingii bila kipimo cha hewa, bila kamba kiunoni, bila mwenzao mdomoni mwa tanki ambaye kazi yake ni moja tu, kutazama, na ambaye amekatazwa kuingia hata akimwona mwenzake ameanguka: avute kamba, apige kelele. Na hawalichomelei tanki kwa sababu tu limekauka. Mvuke uliobaki, hasa kama lilishawahi kubeba petroli, unahitaji cheche moja. Tope wanalotoa hawalimwagi mtaroni. Hulitia kwenye mapipa yenye alama na kulikabidhi kwa wenye leseni ya kubeba taka hatarishi. Nasema kwa uchungu kwamba si kila yadi inafanya hivyo.

Kuna tatizo jipya ambalo baraka imelileta. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha umeme Februari 2024, mgawo wa umeme uliotuchosha umepungua. Jenereta zilizokuwa zikiunguruma sasa zimelala, na dizeli iliyo ndani yake imelala nazo. Dizeli huzeeka. Ikikaa zaidi ya miezi sita hadi mwaka kwenye joto letu, huanza kuwa nyeusi, hutoa gundi na mashapo, na maji yaliyo chini huendelea kulea ukungu. Siku umeme unakatika hospitalini, mama akiwa kwenye chumba cha upasuaji, jenereta huwaka, huvuta dakika chache, halafu chujio linaziba na jenereta inazima. Uwepo wa mafuta kwenye tanki haukumsaidia mtu. Kwa mashine ya kusaga inayomaliza mafuta kila wiki, dizeli haipati nafasi ya kuzeeka, hivyo ulinzi mkuu ni dhidi ya vumbi. Kwa jenereta ya dharura kanuni ni nyingine kabisa: tanki lijazwe ili hewa isipate nafasi, injini iwashwe kila mwezi ikiwa na mzigo wa kweli, mafuta ya zamani yatumike kwanza, na tanki likikaa sana dizeli izungushwe kupitia chujio na kurudishwa. Kujua tanki lipi linahitaji utunzaji upi, na kutolazimisha kanuni moja kwa yote, ndiko kunakomtofautisha fundi na mtu aliyekariri.

Yote haya yako ndani ya daftari la yule mzee wa alfajiri. Ukilifungua kwa ruhusa yake utaona safu za tarehe, urefu wa dizeli, urefu wa maji, na pembeni maneno mafupi: mvua, lori, chujio jipya. Mwezi wenye maji mengi kuliko kawaida humwambia akatafute tundu kwenye mfuniko. Chujio lililoziba mapema humwambia kwamba sakafu imeanza kuota. Anaujua ugonjwa wa tanki kabla injini haijakohoa, kwa namba alizoziandika mwenyewe.

Kama una jenereta, trekta, karasha au mashine ya kusaga, naomba kesho alfajiri, kabla hujaiwasha, ukinge chupa safi ya kioo chini ya koki ya tanki na uifungue. Tazama kinachotoka. Ukikuta maji, yatoe yote, uandike tarehe, urudie wiki ijayo. Na kama tayari yupo mtu anayekufanyia kazi hiyo kila siku, ukakuta dizeli angavu tangu tone la kwanza, mwite ofisini, umpe mkataba, na umlipe mshahara wa fundi.